Waipa ya Upande wa Mama

Kwenye pikapu yetu kijiti cha taa kiko kulia kwa usukani na cha waipa kiko kushoto. Gari nyingi za Kijapani ziko hivyo. Kwa hiyo abiria wa mbele akinyoosha mkono anaweza kuzima waipa, lakini taa hazifikii. Mama yangu aliligundua hilo mapema, na kwa kuwa mkono wake haukufika kwenye taa, alitumia mdomo.

“Zima taa,” alikuwa akisema. “Nani kafa?”

Ninafanya biashara ya vitunguu. Nanunua Malolo kwa wakulima, nauza Mikumi, na vikiwa vingi navipeleka mpaka Kilosa mjini. Pikapu ilikuwa ya baba. Alipofariki nikabaki nayo mimi, kwa kuwa kati ya watoto wake ni mimi peke yangu niliyekuwa na leseni na moyo wa kuhangaika na gari kuukuu. Naishi Mikumi. Mama alibaki nyumbani Vidunda, mlimani, kwenye nyumba waliyoijenga yeye na baba, na hataki kusikia habari za kuhama. Ana presha. Kila mwezi anatakiwa kushuka Mikumi hospitali kupimwa na kuchukua dawa, na anayemshusha ni mimi. Miezi ya kiangazi hatukuwa na neno. Masika yalipoingia, ya kwanza tangu baba atutoke, ndipo ugomvi ulipoanza.

Mvua ya masika upande wetu ina tabia yake. Kabla haijakufikia inakunyang'anya milima. Halafu yanapotea mashamba ya miwa, halafu unapotea mti uliokuwa mbele yako sasa hivi. Gari lisilo na taa kwenye mvua ile hulioni mpaka likaribie kiasi cha kusomeka namba. Na magari ya siku hizi rangi zake ni zile zile za mvua: kijivu, fedha, nyeupe iliyochoka. Ongeza malori ya miwa ya Kidodi yenye matela marefu, taa za nyuma zimefunikwa na matope au ziling'oka zamani na hakuna aliyezitafuta.

Madereva nao kila mmoja ana dini yake kwenye mvua. Wapo wanaowasha taa za hazadi, za kona zote kwa pamoja, kuanzia Kidodi mpaka Mikumi, hivyo mtu akitaka kukata kona hujui anakata kulia au kushoto. Wapo wanaopandisha taa kali kana kwamba mvua itaogopa. Mwanga unagonga maji na kuwarudia wenyewe usoni. Na wapo wengi, wengi mno, wasiowasha chochote kwa hoja kwamba ni mchana na taa zinakula balbu. Hawa nimewatukana sana, vioo vikiwa vimefungwa na mama akiwa hayupo. Mimi nina hasira za karibu, sikatai.

Mimi nikiona tone la kwanza nawasha taa, nazishusha, naenda. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo. Alikuwa akisema taa za mvua si zako, ni za mwenzako: wewe hutaona zaidi, ila yeye atakuona. Bodaboda akija mbele yetu na kutunyooshea mkono, akifumba na kufumbua vidole kutuambia kwamba tumesahau taa, baba alimjibu kwa kuonyesha mawingu kwa kidole. Hakuchoka. Kila bodaboda alionyeshwa mawingu.

Lakini kwetu taa mchana zina maana nyingine pia. Gari likienda taratibu mchana huku limewasha taa, watu wanajua limebeba maiti. Mwenye baiskeli anashuka. Wanawake wanatua ndoo. Wanaume wanavua kofia na kusimama mpaka msafara upite, hata kama hawamjui marehemu, hata kama ni gari moja tu. Ni heshima nzuri na sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba ukishuka na pikapu siku ya mvua, taratibu kwa sababu ya utelezi, taa zikiwaka, unafanana kabisa na msiba.

Baba alilijua hilo na lilimchekesha. Akiona watu wamesimama alishusha kioo, akatoa kichwa chake chenye upara kwenye mvua na kuwapigia kelele, “Hatujafiwa! Ni mvua tu!” Mama akikaa pembeni alikuwa akimvuta shati, akimwambia atashikwa na kichomi, lakini alikuwa anacheka. Mimi, binti yao, nilikuwa nakaa katikati yao nikiona haya. Watu nao walicheka, wakavaa kofia zao, wakaendelea na shughuli.

Kwa hiyo siku mama aliponiambia nizime taa kwa sababu kuwasha taa mchana bila maiti ni uchuro, nilishangaa. Uchuro huu umeanza lini? Miaka yote baba aliwasha na hakuna aliyechuriwa. Nilipaswa kulishika swali hilo na kulifikiria. Sikulifikiria. Nilichofikiria ni kwamba mama anazeeka na imani za zamani zinamrudia, na nikamjibu kwa sauti ambayo mtu hamjibu nayo mama yake.

Tulikuwa tumeshuka mlima, tunakaribia Kidodi. Mvua ilikuwa imekaza.

“Mama, hakuna uchuro. Kuna malori.”

“Nimesema zima.”

“Sizimi.”

“Basi nishushe.”

Nilidhani ni maneno. Mama yangu alifungua mlango pikapu ikiwa bado inatambaa. Nilikanyaga breki mpaka vitunguu nyuma vikahama. Alishuka, akafungua mwavuli wake mweusi wa kanisani, akageuka kuelekea tulikotoka, mguu mmoja umezama kwenye tope. Nilirudi nyuma nikimfuata, kichwa nje ya dirisha, nikimbembeleza na kumfokea kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote. Hakunitazama. Akikasirika sana anahama Kiswahili, anahamia Kividunda, na siku ile alinisemesha Kividunda kitupu mpaka alipopata bodaboda ya kumrudisha juu.

Nilikwenda Mikumi peke yangu, taa zikiwaka, nikiwa na haki yangu yote na bila mama.

Dawa zake zilikuwa zinakaribia kwisha. Niliomba hospitali wanipe nimpelekee, wakaniambia lazima apimwe kwanza, mara ya mwisho presha ilikuwa juu na huenda wakabadilisha dawa. Walikuwa sahihi. Nilimpigia simu, akapokea, akanisikiliza, akasema atakuja jua likiwaka. Masika ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Nilimwambia jua litawaka mwezi wa sita. Akasema, “Basi mwezi wa sita.”

Hata mwezi wa sita haujafika, jirani yake alinipigia. Mama alikuwa shambani akipalilia maharage, kizunguzungu kikamshika, akaanguka kati ya matuta. Walimbeba nyumbani. Alikuwa anaongea, alikuwa anakunywa uji, lakini jirani aliniambia kwa upole, kama watu wa kule wanavyosema mambo makubwa, kwamba ingekuwa vizuri mama aonwe na daktari mapema. Niliogopa. Nilikaa kwenye magunia ya vitunguu sokoni nikiwa nimeshika simu, nikijua kabisa kwamba nina mzazi mmoja tu aliyebaki na kwamba tunagombania swichi.

Nilipanda Vidunda kesho yake. Kwanza shikamoo, hata mkiwa mmegombana namna gani, shikamoo haina likizo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akanitazama. “Umewasha taa?”

“Jua linawaka, mama.”

“Nauliza tu.”

Tulikubaliana. Nitamshusha, na taa hazitawashwa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Lakini nilikuwa nimeandaa ujanja. Kuna taa ndogo, zile za hatua ya kwanza ya kijiti, ambazo ukiwa ndani huzioni zikimulika. Kinachokusaliti ni kitaa cha kijani kwenye dashibodi. Nilikibandika kipande cha plasta ya kidonda. Mvua ikija, nitazungusha kijiti hatua moja, mama hatajua, sisi tutaonekana, na kila mtu atafika hospitali.

Mvua ilitukuta kwenye kona za chini, pale ambapo barabara inaanza kunyooka kuelekea Kidodi. Nikajikuna sikio, nikashusha mkono, nikazungusha. Mama hakusema kitu. Nilijipongeza. Tukaenda hivyo kwa kitambo, waipa yangu ikipiga upande wangu, upande wake maji yakishuka yanavyotaka.

Hapa niseme kuhusu waipa. Upande wa abiria haukuwa na waipa. Baba mwenyewe ndiye aliyeing'oa, mpira ulipochanika na chuma kuanza kukwaruza kioo. Alisema abiria hana kazi ya kuona. Pikapu ilipokuwa yangu nikaiacha ilivyo, nikanunua mpira mmoja tu masika yalipoingia, wa upande wangu. Mama alikuwa akinitania: kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba chawa wa barabarani navunja mimi, yeye apumzike.

Basi siku ile, kwa sababu kioo cha mbele upande wake hakikuonyesha kitu, alikuwa akitazama dirisha la pembeni. Na pembeni, mbele ya maduka ya kwanza ya Kidodi, watu walikuwa wamesimama. Mwanamke aliyebeba ndoo aliitua. Mwanaume mmoja alivua kofia na kuishika kifuani, mvua ikimpiga kichwani.

“Umewasha,” mama alisema.

Nilikaza macho barabarani.

“Umewasha. Tazama wanavyonipa pole. Wananipa pole ya nani?”

Nilisubiri afungue mlango. Hakufungua. Alikuwa ameshika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili, na alipozungumza tena hakuwa na hasira, jambo lililonitia hofu zaidi.

“Siku ile nilikaa hapa hapa,” alisema. “Kwenye kiti hiki. Kutoka Kilosa mpaka nyumbani.”

Sikuhitaji kuuliza siku ipi. Baba alifariki hospitali Kilosa, tukamleta kwa pikapu yake mwenyewe kwa sababu alikuwa ameshasema hataki gari jingine. Niliendesha mimi. Ndugu wanaume walikaa nyuma na jeneza, chini ya turubai, wakilishika barabara ilipokuwa mbovu. Mvua ilianza tulipotoka Kilosa na haikuacha. Nilikuwa na kazi ya kuendesha, na nashukuru nilikuwa nayo, kwa sababu mtu anayetafuta njia kwenye tope hana nafasi ya kufikiri. Nilitazama barabara. Nilisikiliza injini. Sikumtazama mama hata mara moja mpaka Mikumi, tuliposimama kuongeza mafuta.

“Wewe ulikuwa na waipa,” alisema. “Ulikuwa unaona unakokwenda. Mimi mbele yangu palikuwa na maji. Maji, na taa zetu zinamulika maji. Nikigeuka pembeni, watu wamesimama. Pale kijijini Ulaya wamesimama. Mikumi wamesimama. Kidodi hapa wamesimama. Kila mtu anavua kofia, na mimi nasubiri baba yako atoe kichwa awaambie ni mvua tu.”

 Waipa yangu ilipita, ikarudi.

“Hakutoa,” alisema. “Ndipo nikajua kweli amekufa. Si hospitali. Ni hapo.”

Nilizima taa. Nilizungusha kijiti nyuma, nikabandua na ile plasta, nikaitupa chini.  Nililia huku naendesha, na ni jambo baya kwenye mvua, maana waipa haifuti macho. Mama alinipa kitenge chake nijifute. Tulifika Mikumi kwa mwendo wa kinyonga, bila taa, mimi nikiomba Mungu kila lori liwe limetulia upande wake. Hospitali walimpima, wakakunja uso, wakabadilisha dawa na kumwambia asikose tena hata mwezi mmoja. Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekosa.

Nilifikiria sana baada ya siku ile. Sikuweza kumlazimisha mama awe na amani na taa zile. Sikuweza pia kuendesha masika mazima bila taa; huko ni kutafuta jeneza la pili. Niliwaza kumwombea nafasi kwenye gari la mtu mwingine, lakini wenye magari ya kwetu na mvua yetu nawafahamu. Kitu kimoja tu katika maneno yake ndicho kilichokuwa ndani ya uwezo wangu. Nilikwenda kwa fundi.

Fundi wangu ana kibanda nyuma ya soko la Mikumi. Aliitazama pikapu, akanitazama mimi.

“Dada, huu upande hauna kazi. Abiria anaona nini?”

“Weka waipa.”

“Nakuambia utapoteza bure. Mhimili wake umeshika kutu. Bora ubadilishe—”

“Nimesema weka.”

Akaweka. Alipata mkono wa waipa kwenye gari bovu lililolala nyuma ya kibanda chake, akaugonga kutu, akaupaka grisi, akaufunga na mpira mpya. Alimwaga ndoo ya maji kwenye kioo tukajaribu. Zilipiga zote mbili, moja ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine. Fundi alisema ataweza kurekebisha zipige pamoja. Nikamwambia aziache.

Mwezi uliofuata nikapanda Vidunda. Mama aliona mara tu alipokaa. Alinyoosha kidole kwenye kioo.

“Hii nini?”

“Waipa yako.”

“Mimi naendesha?”

“Hapana. Lakini utaona.”

Alichezea kijiti cha kushoto kabla hata mvua haijaanza, mpira ukalia kwenye kioo kikavu. Nikamwambia ataumaliza. Akasema ni wake, si nimesema ni wake? Mvua ilipoanza aliwasha mwenyewe, akakaa wima kama mtu aliyekalishwa mbele kanisani, akatazama.

Taa sikuwasha. Ahadi ni ahadi, na safari hii sikuwa na plasta. Nilienda polepole nikiwa nimekaza meno.

Mama alianza kusoma njia. Sikujua kama kuna vitu vingi kiasi kile. Akaniambia shamba fulani la miwa wamekata mapema. Akaniambia mfereji umeziba, maji yatapanda barabarani. Aliona nyumba yenye bati jipya na kuuliza ni ya nani. Miaka yote aliyopita njia ile siku za mvua alikuwa amekaa nyuma ya kioo cha maji, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba hana kazi ya kuona. Akawa mwenye maneno na mchangamfu, nikacheka naye mara mbili tatu.

Tulipopita Kidodi na kuingia lami, mvua ikakaza mpaka waipa zote mbili zikawa hazitoshi. Nilipunguza mwendo. Mama aliinamia mbele, macho yameelekea kulia kwa barabara.

“Kuna kitu,” alisema.

“Wapi?”

“Kuna kitu kinakuja. Kinakuja upande wetu!”

Sikuona kitu. Niliona kijivu tu, kisha kijivu kile kikawa na kioo na bampa na miwa imesimama juu yake. Lori lilikuwa linalipita lori jingine, bila taa hata moja, na upande lililokuwapo ulikuwa wetu. Nilivuta usukani kushoto. Magurudumu ya kushoto yakatoka kwenye lami, pikapu ikainama, ikateleza kwenye majani, ikasimama kabla ya mtaro. Lori lilipita na upepo wake, likatumwagia maji ya tope kwenye kioo kizima, honi ikilia baada ya kupita, honi ya nini sijui.

Waipa zikafuta tope. Moja, halafu ya pili.

 Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na mengi yalikuwa ya kweli. Ningeweza kumwambia: umeona? Ningeweza kumwambia: hivyo ndivyo tunavyoonekana na sisi, yaani hatuonekani. Sijui ni neema gani iliyonishika ulimi, kwa sababu kwa kawaida haushikiki. 

Mama alikuwa ameweka mkono kifuani. Alipumua, akatazama lilikokwenda lori.

“Mpumbavu yule,” alisema. “Kwa nini hakuwasha taa?”

Nilifuta ukungu kwenye kioo changu kwa kiganja.

Mvua ilipiga bati la pikapu juu yetu. Mama alitazama mbele, kupitia kioo chake, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilidhani anaomba. Labda alikuwa anaomba.

“Baba yako angewasha,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Hakuwahi kupita hapa na mvua bila kuwasha.”

“Hakuwahi.”

Alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akakaa wima.

“Washa.”

Nilizungusha kijiti hatua mbili. Kitaa cha kijani kikatokea kwenye dashibodi na mama akakitazama. Mbele yetu maji yaliyokuwa yanaanguka yakawa meupe. Nilimwangalia kwa pembeni nikitafuta dalili ya yeye kuvunjika, lakini macho hakuyafumba. Nilirudisha pikapu kwenye lami, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kandokando ya barabara mzee mfugaji alikuwa amesimama na ng'ombe wake wachache, amejifunika kichwa na mabega kwa mfuko wa mbolea. Aliona taa. Aliona tunakwenda taratibu. Akawazuia ng'ombe kwa fimbo, akavua mfuko ule kichwani, akaushika mkononi, kichwa wazi, maji yakimtiririka usoni mpaka kwenye kidevu. Alitusubiri hivyo.

Nilihisi mama ameganda. Nilipeleka mkono kwenye kijiti cha taa.

“Acha,” alisema.

Akashika mpini wa kioo cha dirisha lake, ule unaozungushwa, ambao ni mgumu na unakwama katikati. Aliuzungusha kwa mikono miwili. Mvua ikaingia, ikalowesha mkoba, ikalowesha kitenge. Akatoa kichwa chote nje, kitambaa na hereni na kila kitu.

“Vaa mfuko wako, baba!” alimpigia kelele. “Unalowa bure! Hatujafiwa leo! Ni mvua tu!”

Mzee yule alituangalia, akauangalia mfuko. Kisha akacheka, meno machache yakaonekana, akajifunika tena. Mama alibaki nje ya dirisha akimpungia mkono mpaka alipopotea kwenye mvua nyuma yetu.

“Mama, ingia ndani,” nilimwambia. “Utashikwa na kichomi.”

“Endesha,” alisema. “Kuna wengine wamesimama kule mbele.”